Pwani ya Matondoni: Mahali Wazi si Mahali Patupu

Chombo kipya kinapokuwa tayari kushuliwa huko Matondoni, siku hiyo huwa ni siku ya watu wengi. Mafundi wamekwisha kutia kalafati katika maungo ya mbao, deheni ya chokaa na mafuta imekwisha kupakwa chini ya chombo, na mwenye chombo anangoja bamvua, yale maji makuu yanayokuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji yakijaa, magogo hulazwa chini, kamba hushikwa, na watu huvuta kwa sauti moja mpaka chombo kielee. Hapo ndipo mgeni huona faida ya pwani ile kuwa pana, yenye mteremko, isiyo na ukuta wala seng'enge.

Lakini mgeni yule yule akija siku nyingine, wakati hakuna chombo kinachojengwa, maji yametoka na jua ni kali, ataona uwanja wa mchanga na matope, vibanzi vya mbao, banda la makuti, na punda waliosimama kivulini. Huenda akasema moyoni mwake kwamba hapo ni mahali patupu, tena panafaa sana kujengwa nyumba nzuri ya kutazama bahari.

Kosa hilo la macho limewapotezea watu viwanja vyao vya wote katika nchi nyingi. Mahali wazi si mahali patupu. Mahali wazi pana kazi yake, ijapokuwa kazi hiyo haionekani kila siku. Na mji usioiandika kazi hiyo mapema huja kuulizwa ushahidi wakati ambapo ua umekwisha kuzungushwa.

KAZI ZA PWANI

Matondoni ni mji mdogo ulio upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa cha Lamu, ukielekea mkondo wa bahari na misitu ya mikoko iliyo kati ya kisiwa na bara. Mtu hutoka mji wa Lamu kwa chombo, au huikata njia ya mashamba ya minazi na miembe kwa miguu au juu ya punda, mwendo wa saa mbili hivi. Sifa ya mji huo ni ufundi wa majahazi na mashua, na wanawake wake wanajulikana kwa ususi wa mikeka na vikapu.

Ufundi wa chombo hauhitaji mikono na tezo peke yake. Wahitaji nafasi. Mkuku hulazwa mahali palipo juu ya maji ya kawaida, lakini si mbali hata bamvua isipafikie. Mbao huhitaji mahali pa kupangwa na kukauka. Mafundi huhitaji kivuli, kwa kuwa chombo kikubwa huweza kukaa juu ya magogo miezi mingi. Tena yapasa pawe na mteremko ulio wazi mpaka majini, kwa sababu chombo hakipiti juu ya ukuta wa mtu. Ukiondoa kimojawapo katika hivyo, ufundi haufi siku ile ile, lakini huanza kuhama, na mwishowe vijana hujifunza kazi nyingine.

Pwani hiyo ina kazi nyingine pia. Wavuvi huegesha mashua zao hapo na kutengeneza nyavu. Mizigo hushushwa hapo ikapandishwa juu ya punda. Watoto huogelea hapo, nao hujifunza kuujua upepo na maji kabla ya kujifunza kusoma. Na njia zitokazo mjini kwenda pwani, visimani na mashambani zinatumiwa na wote. Hakuna aombaye ruhusa ya kupita.

MIKOKO NAYO NI MALI YA WOTE

Nyuma ya kiwanja cha mafundi iko mikoko, nayo haiwezi kutengwa na habari ya pwani. Katika nchi nzima ya Kenya mikoko yapata hekta 61,000, na zaidi ya nusu yake, kiasi cha hekta 37,000, iko katika sehemu za Lamu. Kutoka huko, kwa muda wa karne nyingi, miti ilipelekwa Arabuni na Ghuba kwa majahazi ili kuezekea nyumba, mpaka Serikali ilipokataza kuipeleka nje mwaka 1982. Watu wa Lamu huipa miti hiyo majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Mafundi wa vyombo hutafuta katika mlilana na mkomafi vipande vilivyopinda kwa maumbile, vikafaa kuwa mataruma, yaani mbavu za chombo.

Hali kadhalika mikoko huvunja nguvu za mawimbi, hushika udongo usichukuliwe na maji, na kati ya mizizi yake samaki wadogo, kamba na kaa hupata makimbilio. Mtu akikata mikoko yote ya mbele ya mji ili apate mandhari ya bahari, amewanyima wavuvi samaki wa mwaka ujao, na ameifungulia bahari mlango wa kula pwani.

Misitu hii ilitangazwa kuwa ya Serikali tangu mwaka 1932, na siku hizi inasimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha muda ukaongezwa. Kusudi lilikuwa kuyalinda mazingira, lakini katika Lamu wakata mikoko wengi walijikuta bila kazi. Jambo hilo latoa somo kubwa. Kuhifadhi kunakokuja kwa amri ya kufunga tu huwafanya wale wanaoujua msitu kuliko watu wote wauone kuwa ni wa adui. Kuhifadhi kulio imara ni kule ambako mkataji mwenyewe anajua wapi akate, wapi aache, na kwa nini.

NANI MWENYE PWANI?

Ukiuliza katika mji wa pwani kiwanja hiki ni cha nani, utaambiwa kwamba ni cha watu wote. Jibu hilo ni la kweli kwa desturi, bali katika ofisi ya ardhi halitoshi. Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na historia ya ardhi ya pwani ni ushahidi wa methali hiyo.

Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi iliyowataka wenye ardhi katika ukanda wa pwani walete madai yao. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Watu wengi waliokuwa wakilima, wakichunga na wakivua kwa desturi ya babu zao hawakupata hati, wengine kwa kuwa hawakujua, na wengine kwa kuwa hawakuona sababu ya mtu kwenda kudai kitu anachokitumia kila siku. Wajukuu wao walikuja kuambiwa kwamba wanakaa katika ardhi isiyo yao.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iligawanya ardhi mafungu matatu: ardhi ya umma, ardhi ya jamii na ardhi ya watu binafsi. Kwa Katiba hiyo, ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji makuu na alama ya maji madogo ni ardhi ya umma. Misitu ya Serikali na mahali panapokusanya maji ya kunywa ni ardhi ya umma vile vile. Ardhi ambayo jamii huishika kwa asili au kwa desturi moja huweza kuwa ardhi ya jamii, na ile ambayo bado haijaandikishwa hushikwa na Serikali ya Kaunti kama amana kwa ajili ya jamii hiyo. Wala Kaunti haina ruhusa ya kuiuza.

Basi, tazama jambo hili katika pwani kama ya Matondoni. Fundi akisimama penye mkuku wa chombo huenda amesimama juu ya ardhi ya jamii. Akishuka hatua chache kuelekea majini, yumo katika ardhi ya umma. Akigeuka kando akaingia kati ya mikoko, yumo katika msitu wa Serikali. Kwake yeye pwani ni moja, bali kwa sheria ni mahali patatu, na kila mahali pana ofisi yake. Mpango ukifanywa na ofisi moja bila ya nyingine, mwanya hubaki katikati, na katika mwanya huo ndimo hupita mwenye kutaka kujitwalia kiwanja.

SHERIA IMETOA NJIA

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imetoa njia ya kuziba mwanya huo, walau kwa sehemu iliyo juu ya maji. Jamii huweza kujiandikisha pamoja na ardhi yake. Watu wazima wote wa jamii, wanaume kwa wanawake, ndio mkutano mkuu. Mkutano huo huchagua halmashauri ya watu wasiopungua 7 wala kuzidi 15. Halmashauri hutunza, lakini haina nguvu za kuuza peke yake; kuitoa ardhi kwa mtu mwingine kwahitaji ukubali wa theluthi mbili za watu wazima walioandikishwa. Tena jamii yaweza kutenga sehemu za ardhi yake kwa kazi maalum, kama kilimo, makazi, hifadhi, na mahali pa mila na dini.

Faida ya sheria hiyo ni kwamba mzee mmoja, hata awe na heshima gani, hawezi kutia sahihi jioni na mji ukaamka asubuhi umeuzwa. Hatari yake ni kwamba haina nguvu mahali ambapo watu hawakuja mkutanoni. Sheria ni kama tanga. Haliendeshi chombo lingali limekunjwa.

MIFANO YA KARIBU NA YA MBALI

Watu wa Matondoni hawana haja ya kusafiri mbali kutafuta mfano. Katika kisiwa chao hicho hicho, upande wa Shela, iko milima ya mchanga iliyoenea kando ya bahari. Kwa mtu asiyejua, mchanga ule ni mahali patupu kuliko pote. Kumbe ndilo birika la maji ya mji wa Lamu. Mvua inaponyesha, mchanga hunywa maji upesi, na maji hayo matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake chini ya ardhi. Wataalamu wamehesabu kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, yako kiasi cha mita 40 chini ya usawa huo. Kwa hiyo maji yakipungua kidogo tu juu, kwa kuvutwa mno visimani au kwa nyumba kujengwa mahali yanapoingilia, chumvi hupanda sana kutoka chini. Madai ya viwanja katika milima hiyo yameleta magomvi ya miaka mingi, na neno lililo wazi ni hili: ni vigumu mno kurudisha mahali pa wote baada ya watu kupewa karatasi.

Mfano wa pili uko katika kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Watu wa vijiji vya Gazi na Makongeni wameshika ulinzi wa hekta 117 za mikoko kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza kazi mwaka 2013. Kwa kuwa miti na matope ya mikoko hushika hewa chafu ya kaboni, watu wa nchi za nje hulipa fedha ili ihifadhiwe, na fedha hizo husaidia maji, shule na upandaji wa miti. Tena huko Gazi wanawake wana daraja la mbao linalopita kati ya mikoko, ambamo mgeni hutembea akaiona bila kuikanyaga mizizi, naye hulipa kiingilio kinachosaidia kikundi chao. Hapo watu huingia, na mahali pakahifadhiwa. Hilo halikuua hili.

Mfano wa tatu ni wa Uingereza. Karibu na London uko msitu uitwao Epping. Katika karne ya 19 mabwana wa ardhi walianza kuuzungushia ua vipande vipande. Lakini watu wa kijiji cha Loughton walikuwa na desturi ya zamani ya kukata matawi ya kuni kila majira ya baridi. Mkata kuni mmoja, Thomas Willingale, na jamaa zake walikataa kuiacha haki hiyo, na mwaka 1866 baadhi ya jamaa zake walifungwa. Habari ikasikika mpaka mjini. Baraza la Jiji la London likaingia kesini likashinda mwaka 1874, na sheria ya mwaka 1878 ikauacha msitu wazi kwa watu wote. Haki ya kukata matawi ilikomeshwa, lakini kwa fidia, na sehemu ya fedha hizo ilijenga jumba la watu wote wa Loughton, lililofunguliwa mwaka 1884. Msitu ule uliokolewa kwanza na wale walioutumia, kabla ya wale walioupenda kwa kuutazama.

MPANGO UNAOFAA

Kutokana na hayo yaonekana mpango wa mahali pa wote una mambo machache yasiyoweza kukosa.

La kwanza ni kuandika matumizi. Mafundi, wavuvi, wakata mikoko, wasusi wa mikeka na wenye punda waulizwe kila mmoja anatumia wapi, lini, na kwa njia gani. Wanawake waulizwe wao wenyewe, kwani njia ya kisimani na mahali pa kuanika majani ya mikeka aijuaye ni yule aiendaye kila siku. Majina ya mahali yaandikwe kama wenyeji wanavyoyatamka.

La pili ni kuweka mipaka katika ardhi na katika ramani. Alama ya maji makuu ipimwe siku ya bamvua, wala si siku ya maji mafu, maana mpimaji ajaye siku ya maji mafu ataona ardhi kavu ambayo bahari huja kuidai baada ya juma moja.

La tatu ni njia. Kila njia ya kwenda pwani ipewe upana unaotosha punda wawili wenye mizigo kupishana, na mteremko wa kushulia vyombo upewe upana wa chombo kikubwa kuliko vyote pamoja na wavutaji wake. Njia iliyoachwa bila kipimo hunywea kila mwaka, mpaka ikawa uchochoro.

La nne ni kugawa mikoko kwa zamu, pamoja na Huduma ya Misitu: sehemu ya kukatwa kwa kiasi, sehemu ya kupumzishwa na kupandwa, na sehemu ya mbele ya mji isiyoguswa kabisa.

La tano ni habari ya wageni. Mgeni anayekuja kutazama ufundi wa vyombo ni baraka, mradi hageuzi kiwanja kuwa maonyesho tu. Aonyeshwe njia ya kupita, alipe kinachofaa, na hesabu isomwe mbele ya watu. Fedha zisizosomwa hadharani zimevunja vyama vingi kuliko umaskini.

La sita ni kwamba mpango wote ufanywe pamoja na wenyeji tangu mwanzo. Jambo hili si adabu tu, ni sheria. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake juu ya bandari kubwa ya Lamu, ikasema kwamba haki za wenyeji, pamoja na haki ya mila zao na ya kushirikishwa, zilivunjwa. Iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza la bandari hiyo lilianza kazi Mei 2021. Bandari ilijengwa, na fidia ikaamriwa. Lakini mahali pa kuvua palipochimbwa hapakurudi kuwa kama pale pa kwanza. Kuulizwa kabla ni bora kuliko kulipwa baadaye.

NENO LA MWISHO

Wako watakaosema kwamba mji maskini hauwezi kukaa na ardhi nzuri bila kuiuza. Maneno hayo yana uzito, kwa kuwa karo za shule na dawa hazingoji. Lakini kiwanja kikiuzwa, fedha zake huliwa na watu wa wakati mmoja, na aliyeuza mara nyingi huishia kuwa mlinzi wa lango la alichokuwa nacho. Kiwanja kilichotunzwa hulisha fundi, mwana wa fundi, na mjukuu wake.

Pwani ya Matondoni imetunzwa na desturi kwa muda mrefu, na desturi hiyo ilitosha wakati ambapo kila mtu alimjua mwenziwe. Siku hizi watu, fedha na karatasi hutoka mbali. Yapasa desturi ivae nguo ya maandishi, ili hata mtu asiyewajua wazee wa mji aijue mipaka yao. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mkutano uliojaa watu, daftari, mpimaji mwaminifu na siku moja ya bamvua. Na siku chombo kingine kitakapokuwa tayari, magogo yatalazwa chini, kamba zitashikwa, nacho kitateremka mpaka majini bila ya kumwomba mtu ruhusa ya kupita.